Marehemu Dirishani

Shemeji yangu huandika hadithi za katuni, mimi nazichora. Yeye anaua kwa sentensi moja, mimi nabaki na kila skrubu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Toleo lililopita alimuua roboti mpishi, mpole kuliko wote katika hadithi yetu ya vita vya roboti. Nilinuna, lakini nikamchora akilipuka.

Toleo hili, kwa uvivu, nikanakili mandhari kutoka kurasa za zamani. Vitabu vilipotoka kuchapwa ndipo tukaona: marehemu amesimama dirishani kila ukurasa, sufuria mkononi, anamtazama jenerali aliyemuua.

“Umetuaibisha!” shemeji akafoka.

Aibu gani? Wasomaji walikosa usingizi. Walisema hawajawahi kuona jenerali wa chuma akiandamwa hivyo na mafuta aliyoyamwaga.

Sasa shemeji kichwa kimemvimba. Jana kaniletea hadithi mpya: “Roboti 1000 wanaangamia.”

“Sawa, shemeji,” nikamwambia. “Nitawachora wote. Ila watarudi, na kila mmoja utamtafutia la kusema.”

Akachukua ufutio, akafuta sifuri zote tatu. Kisha akabaki anamwangalia yule mmoja.