Kielelezo Namba Moja

...ungekirudisha lini, ananiuliza mwendesha mashtaka, mara ya pili sasa, anagongagonga kalamu mezani utadhani mimi ndiye ninayemcheleweshea chakula cha mchana, lini, lini, na kiti chenyewe cha magurudumu hicho hapo mbele, kielelezo namba moja, kimefungwa kikaratasi, kitupu, huku baba yangu niliyemchukulia kiti hicho amekalishwa kwenye benchi, anateleza, shemeji anamvuta kwapani, anateleza tena, jamani, hakuna hata mmoja humu mwenye akili ya kusema mzee akae pale mpaka kesi iishe?, miaka kumi na moja nimefua mashuka ya hospitali ile, damu za watu, matapishi ya watu, sijatoka na hata kipande cha sabuni, leo mimi mwizi, mwizi wa kiti kilichokuwa kinakula vumbi stoo, gurudumu moja limekufa, nikakipeleka kwa fundi baiskeli, nikakitia mafuta ya cherehani kwa mkono wangu... usiseme kilitupwa, dada, aliniambia wakili, kina namba ya hospitali mgongoni, na mkuu wa stoo aliyeniambia "Chukua bwana, nani anakitaka?" leo ameniruka kimanga, haya, imebaki njia moja, akasema, ukichukua ukiwa na nia ya kurudisha, huo si wizi, ni kuazima bila adabu, nikacheka, nikasema basi nimepona, akasema watakuuliza lini, akatoa barua ya daktari, baba amebakiza miezi mitatu, labda minne, kicheko kikanikauka... baba hajui, kila asubuhi anashika dirisha, anajinyanyua kidogo, miguu inatetemeka, "Leo afadhali, mwanangu, wiki mbili tatu hivi tuwarudishie watu kiti chao," nami naitikia, ndiyo baba, naenda kulia bafuni... nikisema ningekirudisha akipona, huyu mwenye kalamu atauliza atapona lini, na barua itasomwa kwa sauti, humu, baba akiwa anasikia, nikisema ukweli ndiyo kabisa, nilikuwa nasubiri baba yangu afe, sheria gani hii, inanitaka nimzike mzee akiwa hai ndipo niitwe mwaminifu!, nimechoka, nimechoka na kalamu yake, na wakili ananikazia macho, barua keshaitoa kwenye faili... "Mshtakiwa, jibu swali," hakimu huyo, naam mheshimiwa, najibu, lakini benchi linalia, watu wanageuka, baba kashika bega la shemeji, ananyanyuka, "Tulia, mzee," "Niache, niache waone," anataka waone kwamba kimebaki kidogo tu, kwamba binti yake alikuwa anakirudisha karibuni, magoti yanacheza, kapanda kama upana wa kiganja kutoka kwenye benchi, jasho linamtoka, na ananitazama, anatabasamu, baba yangu ananitetea... nani atamwogesha nikifungwa, dada yupo, dada ana mikono mizito lakini yupo, kazi imeshaota mbawa, jina langu nalo wameshalipaka matope, basi wachukue na kilichobaki, mimi mwizi, ndiyo, mwizi, lakini barua ile haisomwi... "Kwa mara ya mwisho, ungekirudisha lini?", na kalamu bado inagonga, na kiti bado kitupu, na baba bado hajakaa, namtazama yeye, simtazami wakili, jibu nimeshalipata, ni fupi, liko hapa kwenye ulimi, sikuwa na nia ya kukirudisha, mheshimiwa, hata siku moja, andika.