Damu Safi ya Mkaguzi

Sogeeni hapa, wajukuu zangu, mnijibu hili. Wako ndugu wengi kuliko mchanga wa uwanja huu, wote wamevaa nyekundu, hawana macho wala miguu, na mchana kutwa wanazunguka ndani ya nyumba yao bila kuchoka. Wahamishie nyumba ya pili: pengine watapokewa kama wenyeji, pengine watapigwa mpaka wapasuke. Ni nani hao? Nani kasema siafu? Siafu wana miguu, na meno juu yake, muulizeni babu yenu. Hao ni damu. Na mimi niliyeishia shule ya msingi nisingeyajua haya kama mkamwana wangu asingeugua.

Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Damu ilimtoka mwezi hadi mwezi, mpaka viganja vikawa vyeupe, na akipanda ngazi anakaa katikati kuvuta pumzi. Daktari akasema uvimbe lazima utolewe, na nafasi ipo kesho asubuhi. Lakini hashiki kisu mpaka aione damu ya kumwongezea, maana bila hiyo mgonjwa anaweza kumfia mezani. Nafasi hiyo ikipita, foleni inaanza upya, na mkamwana wangu hakuwa na hali ya kungoja foleni.

Mwanangu, mume wa mgonjwa, akakunja shati palepale. "Chukueni yangu! Mimi na mke wangu ni kitu kimoja."

Akapimwa, akakutwa kundi moja na mkewe. Basi akawa anatembea kwenye korido kifua mbele kama aliyeshinda uchaguzi. Mtu wa maabara ndiye aliyemshusha.

"Yako haimfai, kaka. Tena yako ndiyo haimfai kabisa."

"Si kundi moja?"

"Kundi ni kama jina la ukoo tu. Juu ya chembe za damu kuna alama nyingine chungu nzima. Wanao walipokuwa tumboni walibeba alama zako. Damu ya mama yao ikaziona ngeni, ikatengeneza kingamwili, yaani askari wa kuzifukuza. Askari hao bado wapo, na hawasahau. Ukimpa damu yako wataivamia, na huenda tukampoteza."

"Yaani watoto wote wale nimezaa naye, halafu ananikataa mpaka kwenye damu?"

"Aliyebeba ni yeye," nikamwambia. "Wewe ulitia alama tu. Kaa chini."

Wakajaribu na damu ya akiba ya hospitali. Kila walipoichanganya na ya mgonjwa, ilijikusanya madonge madonge kama maziwa yaliyokatika. Mtu wa maabara akasema tuwatafute ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja, huenda wakafanana naye.

Ndugu hao walikuwa wawili. Kaka mkubwa, fundi wa sare za shule, tulimwita Mkaguzi. Kwake mtu aliyekosa kifungo ni mhalifu, na mtoto akimsalimia huangaliwa kucha kwanza ndipo aitikiwe. Mdogo wao wa mwisho, msusi, tulimwita Kipepeo, kwa tatuu ya kipepeo aliyojichora shingoni zamani hizo akiwa binti. Kwa mchoro huo Mkaguzi alimfukuza nyumbani kwake, na mpaka siku ile alikuwa hamsalimii ila mbele ya wageni.

Wakatolewa damu kidogo ya kupimia. Wote wawili wakafaa! Mtu wa maabara akacheka kwa furaha. "Mmoja tu ananitosha. Nani anakuja?"

"Mimi," Mkaguzi akasimama. "Damu yenye wino haiingii kwenye mwili wa mdogo wangu."

"Kaka, wino uko shingoni," Kipepeo akasema. "Damu iko mwili mzima."

"Kaa nje huko."

Kipepeo akaenda zake kukaa kwenye benchi la korido, anatafuna ubani. Mwanangu akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Ukweni huko. Unaanzaje kumfundisha kaka mtu?

"Mama, twende wote," Mkaguzi akaniambia. "Uwe shahidi."

Nikaenda kuwa shahidi. Muuguzi alikuwa binti wa miwani, sauti ya pole. Alimpima uzito, akampima wingi wa damu, kisha akaanza maswali. Mkaguzi aliuacha mlango wazi na kujibu kwa sauti ya mkutano wa hadhara, ili benchi nalo lisikie.

"Pombe?"

"Haijagusa mdomo huu!"

"Malaria hivi karibuni?"

"Nalala kwenye chandarua!"

"Umechorwa tatuu mwaka huu?"

Mkaguzi akakohoa. "Hilo nalo ni swali la kumuuliza mtu mzima?"

"Namuuliza kila mtu, baba. Sindano ya kuchorea ikiwa chafu inaleta homa ya ini, na siku za mwanzo vipimo vinaweza visiione. Kwa hiyo tunangoja mwaka upite. Ya zamani haina neno."

"Haina neno?"

"Hata kama amejichora mpaka kisigino. Haya, kunja mkono tuone mshipa."

Jua lilikuwa linaunguza bati, na mwenzetu alivaa shati la mikono mirefu, vifungo mpaka kwenye kifundo.

"Huu una maumivu," akasema.

"Tuone wa pili."

"Huo mmeshautoboa asubuhi." Mara akahisi mafua. Muuguzi akampima joto, hana. Akasema tumbo tupu. Akaletewa biskuti na juisi, akala polepole kama mzee asiye na meno. Akasema labda presha. Presha yake ilikuwa nzuri kuliko ya muuguzi.

Mwanangu akachungulia mlangoni, jasho linamtiririka. "Shemeji, maabara wanauliza damu iko wapi. Wanasema wakichelewa kuipima, kesho hakuna upasuaji."

"Inakuja," Mkaguzi akasema, na biskuti mdomoni.

Muuguzi akaweka kalamu mezani. "Baba, ukisema ndiyo hakuna atakayekukamata. Ukisema hapana na si kweli, atakayeumia ni yule aliyelala wodini."

Nikamshika Mkaguzi goti. "Mwanangu, mimi nimelea wanaume. Huna la kunishangaza. Sema tu."

Hapo Kipepeo alikuwa ameshainuka kwenye benchi, kasimama kizingitini. Hakuwa na kejeli usoni, alikuwa na hofu. "Kaka, vipi? Dada yetu anangojwa."

Muuguzi akauliza tena, taratibu: "Umechorwa tatuu mwaka huu?"

Mkaguzi akameza biskuti. Akamtazama mdogo wake, akaukazia macho ule mlango aliouacha wazi mwenyewe, kisha akanyanyuka kwenye kiti na kukipangusa kwa kiganja.

"Mwezi uliopita," akasema. "Begani. Ua, na jina la mama mmoja wa duka la vitambaa. Njoo ukae, mdogo wangu."