Ngazi Kwanza

Mtaa mzima wa Munyaka ulijua kwamba Tabby anajenga nyumba Elgon View, na kama kuna ambaye hakujua, basi alikuwa kiziwi au amehamia juzi. Tabby alikuwa mtangazaji wa habari zake mwenyewe. Akifungua belo la mitumba sokoni, wateja wakichagua sweta, yeye anawapa ya mjengo: leo wamemwaga slabu, kesho mbao za paa zinafika. Kwake, kwenye nyumba ya kupanga, vikombe havikuwahi kukauka. Chama cha akina mama kilikutania hapo, na walioachwa na waume walipewa chai wakaambiwa mume si jua. Akizama, bado kutakucha. Hilo alikuwa na haki ya kulisema. Mumewe, Baba Ciru, alikuwa amemwacha yeye na binti yao akaanza maisha mengine Nakuru, na midomo ya watu haikumpa Tabby likizo. Hiyo nyumba ndiyo ingeifunga midomo hiyo.

Ila jambo ambalo wengi hawakulijua, isipokuwa rafiki yake Musimbi wa mlango wa pili, ni kwamba nyumba ile ilitoka mfukoni mwa mama yake, Waiyego.

Waiyego alikuwa na ekari mbili Ainabkoi, za viazi na kabeji. Mwaka ule wa ghasia za uchaguzi, nyumba zilipochomwa, alikimbia na blanketi moja, na mambo yalipotulia akarudi pale pale, kwenye kaburi la mumewe kando ya ua, akasema hakimbii tena. Mwanamke ambaye moto ulishindwa kumng'oa aling'olewa na maneno matamu ya bintiye. Pesa za mabelo zilikuwa zimenunua ploti, zikachimba msingi, zikaishia humo. Tabby akapanda gari kwenda Ainabkoi na mkate na sukari, akaketi jikoni kwa mama yake mpaka chai ikapoa. Alimwambia magoti yake hayawezi tena jembe na baridi ile. Wauze, wajenge, na kwenye ghorofa ya chini atakuwa na chumba chake, chenye mlango wake wa nje na dirisha la kutazama jua likichomoza.

Waiyego alichochea moto. Kisha akauliza, "Na moto nitauwasha wapi?"

"Nitakuwekea mahali pa jiko, Maitu," Tabby akamwambia mama yake. "Na bomba la moshi."

"Basi moto nitauhamisha mwenyewe. Nyumba mpya haiwashwi kwa kiberiti kama sigara. Huwashwa kwa makaa ya nyumba uliyotoka."

Wakauza. Waiyego akaja Munyaka nyuma ya pikapu, jiko lake miguuni, makaa yamefunikwa majivu. Kila jioni aliyafukia, kila asubuhi akayafukua na kuyapuliza. Musimbi alizoea kutania kwamba moto wa huyu mama una umri mkubwa kuliko Ciru, na Ciru alikuwa kidato cha tatu.

Kujenga mtaa wa wenye nazo kuna ugonjwa wake. Tabby alipita kwa majirani wapya, akakaribishwa juisi, akarudi na dirisha jipya kichwani. Mchoro ulibadilika mara nne. Sebule ilipanuliwa ipokee watu hamsini, maana yeye bila watu ni kama sufuria bila mwiko. Halafu siku moja akaona ngazi. Ilikuwa ya mvule, imepinda inapopanda, na vyuma vyake vimekunjwa kwa mkono. Hakulala.

Fundi wake, Wasike, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameweka mifuko ya simiti katika chumba cha Waiyego kwa sababu kilikuwa karibu na geti, na siku hiyo alisimama mlangoni pake, akikuna kichwa kwa penseli.

"Mama Ciru, tuseme ukweli. Hiki chumba ni plasta, sakafu na dirisha. Wiki mbili, mama anahamia. Hiyo ngazi itakula kila kitu."

"Ngazi kwanza, fundi. Chama kinakuja kuona mwezi wa nane. Watu wakiingia wanaona ngazi, hawaoni chumba cha mama."

Musimbi naye alimwambia yaleyale, kwa mdomo mkali zaidi. Tabby akacheka, akasema mama yake amengoja mvua za Ainabkoi miaka arobaini, hawezi kushindwa na ngazi.

Ngazi ikala kweli. Ilikula mbao, ikala fundi wa vyuma aliyekosea vipimo, ikala wa pili aliyekuja kubomoa ya wa kwanza. Ilipoisha, Tabby alipiga hesabu mara moja na hakurudia. Ekari mbili zote zilikuwa zimesimama pale, zimepinda kama pembe ya ng'ombe, zikipanda kwenda kwenye vyumba visivyo na milango.

Kila Jumapili baada ya kanisa Waiyego aliuliza kama simiti imetoka chumbani, na kila Jumapili akaambiwa bado kidogo. Kwenda kuangalia alikataa. Mtu hachungulii nyumba yake kama mwizi, alisema. Ataingia na moto wake.

Baridi ya mwezi wa saba ikamshika kifua. Alikaa hospitalini siku tisa, Tabby pembeni yake kwenye kiti cha plastiki. Siku ya nane alifumbua macho.

"Tabby, simiti imetoka?"

"Imetoka, Maitu. Imebaki rangi."

"Rangi gani?"

"Kijani. Kama majani ya viazi."

Waiyego akatabasamu, akarudi usingizini. Kesho yake asubuhi alikuwa ameenda.

Hapo ndipo Tabby alipouona mwisho wa alichokianza. Mama azikwe wapi? Mnunuzi wa Ainabkoi alikuwa amepanda ngano mpaka ukingoni. Kaburi la mzee aliliacha, lakini la pili alikataa, na haki ilikuwa yake. Karatasi ya mauzo ilikuwa na alama ya kidole gumba cha Waiyego mwenyewe. Elgon View nako, ni nani azikwe kati ya gereji na tangi la maji taka? Yakabaki makaburi ya mji, ya kupewa nambari.

Wasike alisikia. Kwao Bungoma mtu haendi kaburini kabla ya kufika nyumbani kwake. Alikuja na wenzake wawili bila kuitwa, wakatoa simiti, wakapiga plasta, wakaweka kioo dirishani. Siku nne. Aliuliza kitu kimoja tu, rangi, akajibiwa kijani.

"Mpitishe hapa, Mama Ciru," alisema. "Hata kama ni kwa muda wa saa moja tu."

Asubuhi ya mazishi Tabby alirudi Munyaka kuchukua jiko. Akachota majivu ya juu. Yalikuwa baridi. Akachimba kwa vidole mpaka akagusa chuma.

Musimbi alikuwa amesimama mlangoni. "Nilidhani Ciru anaufukia moto," alisema polepole. "Kumbe Ciru alidhani ni mimi."

Akatoa kiberiti kwenye leso, akakitazama, akakirudisha.

Jiko lilibebwa hivyo hivyo likawekwa mahali pake katika chumba cha Waiyego, kando ya jeneza, chini ya dirisha lililonuka rangi mbichi. Na watu wakaja. Chama chote, kanisa, soko, Munyaka yote. Sebule ya watu hamsini ilijaa, wengine wakabaki nje, kama vile Tabby alivyokuwa akihadithia miaka miwili sokoni. Yeye alikuwa ameketi sakafuni karibu na mama yake. Kupitia ukutani alisikia nyimbo, kisha minong'ono, kisha miguu. Mmoja alipanda ngazi, wakafuata wawili, halafu wengi. Mtu aliuliza kama ni mvule kweli. Mwingine akataka kujua bei.

Wasike, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akainuka kwenda kuwanyamazisha. Tabby akamshika mkono wa shati.

"Waache wapande," alisema. "Ni shamba la Maitu."

Kisha akaingiza mkono tena ndani ya majivu.