Mistari ya Nairobi

Wivu ulimkaba Hajara tangu siku ile ya mwaka 1975 mdogo wake Sadiya alipopandishwa ndege Arua kwenda Nairobi kupigwa mionzi ya saratani ya titi. Kwani yeye Hajara hakukatwa titi vilevile, miaka miwili nyuma? Mbona yeye baada ya kisu aliambiwa tu arudi kwake Koboko?

Sadiya aliporudi, nyumba ilifurika wageni wa kumpa pole. Walipoondoka, Hajara alimfuata chumbani, akafunga mlango.

"Wiki tano Nairobi! Mimi ndio mkubwa. Wewe iko na nini, mimi hapana?"

Sadiya akashusha shuka. Kifua kilikuwa kimebabuka, cheusi, na mistari ya wino waliyomchorea madaktari bado imekizunguka kama hina ya bibi harusi. Hata mistari ile Hajara akaionea wivu.

"Dada, ugonjwa yako ilikuwa kidogo, ilikwisha na titi. Yangu ilikuwa imefika kwapani, tezi tano. Mionzi inachoma ile kisu haikuona." Akamtazama. "Tubadilishane?"

Hajara, aliyembeba mgongoni tangu hajajua kutembea, alitaka kusema ndiyo. Mdomo ukakataa.