Mlango wa Eilert

Mlango wa kabini ulikuwa umekwama, na Eilert alikuwa ndani. Saa nane mchana nyambizi ya Wajerumani ilikuwa imeitwanga Solfrid, meli ya mafuta, torpedo, kombora la majini, ya ubavuni. Chuma chote cha nyuma kikapinda, na fremu za milango nazo.

Ndiyo maana tangu vita vianze baharia wa Norwei halali mlango umefungwa. Anauacha wazi kidogo, umeshikwa na ndoano, hata kwenye baridi kali. Eilert alitia ndoano yake alipotoka zamu ya mashine, akalala. Lakini watu wa sitaha walikuwa wakigonga kutu kwa nyundo, kelele tupu, na Gunvald, fundi wa pampu, alipopita alimwonea huruma rafiki yake. Akaitoa ndoano, akaurudisha mlango taratibu. Nusu saa tu, alijiambia.

Sasa alikuwa akiupiga kwa shoka.

"Nani huyo?" Eilert aliuliza.

"Mimi, Gunvald."

"Basi nimekwisha. Wewe hata kopo la samaki linakushinda kufungua."

"Nyamaza, sukuma!"

"Nasukuma, bwana. Maji yamefika magotini." Kisha akasema, "Ndoano niliitia mwenyewe, nakumbuka kabisa. Mwehu gani kaitoa?"

Gunvald alizidi kupiga.

Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, akaja mbio, akamkamata ukosi. "Mashua inashuka! Moto unakuja huku!"

"Nenda, mjinga wewe," Eilert alisema. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Mwambie mama nilikuwa usingizini."

Mashuani, Gunvald na wenzake walipiga makasia kuelekea upepo unakotoka, kwa sababu mafuta yanayowaka huufuata upepo. Wakakaa majini siku tisa, wamebanana magoti kwa magoti, na Gunvald hakuwahi kuwa peke yake namna ile maishani mwake. Wenzake walisimulia habari za Eilert, vichekesho vyake, miguu yake inayonuka. Walicheka, wengine wakalia.

"Nadhani alisahau ndoano," serahangi alisema siku ya nne. "Alichoka sana, maskini."

"Labda," Gunvald alisema.

Hakuna aliyeitaja ndoano tena.

Melini walikuwamo watu thelathini na wanane. Kumi na mmoja walifika nchi kavu. Torpedo ilichukua ishirini na sita. Wa ishirini na saba alikuwa wa Gunvald.