Mpira Mmoja kwa Wawili

Mashindano ya Jumamosi yalikuwa na kanuni moja iliyoogopwa kuliko zote: kila jozi ilicheza gofu kwa mpira mmoja tu, kwa zamu. Mmoja akishapiga, mwenzake hupiga pigo linalofuata kutoka pale pale mpira uliposimama, hata kama umesimama kichakani. Kwa hiyo kosa lilifanywa na mmoja, akateswa nalo mwingine, jambo ambalo wanandoa wa klabu ile walilielewa upesi kuliko makapera.

Mama Mapacha, muuguzi wa chumba cha upasuaji, ndiye aliyekuwa mchezaji bora katika ukoo alioolewa. Mwaka uliotangulia alicheza na mumewe, wakashika mkia. Mwaka huu alitangaza mezani, wakati wa chai ya asubuhi, kwamba angechagua mwenzi wa mchezo upya. Wangecheza mashimo tisa, watatu, kila mtu na mpira wake: yeye, mumewe, na mdogo wa mumewe, daktari wa meno.

"Simtafuti asiyekosea," alisema huku akifunga kamba za viatu. "Huyo hajazaliwa. Namtafuta ambaye kosa lake halizai wajukuu."

"Hapo umenitaja mimi, shemeji," alisema daktari wa meno.

"Na kaka yako ana masikio, amesikia."

Mume huyo, Baba Mapacha, mpima ardhi, aliendelea kukoroga chai yake. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kuhofia kuachwa. Lakini kuachwa kwenye orodha ya klabu, ubaoni, mbele ya kadamnasi, tena kwa ajili ya mdogo mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, lilikuwa jambo jingine. Chai ilimshinda.

Mashimo matatu ya kwanza yalipita salama. Katika la nne mpira wa Baba Mapacha ulikwenda upande, ukaingia mitini. Mtu wa kawaida angeusukuma tu hadi penye nyasi fupi, akapoteza pigo moja, yakaisha. Mpima ardhi aliona upenyo kati ya vigogo viwili, akatoa mkanda wa kupimia mfukoni, maana alitembea nao kama wengine watembeavyo na leso.

"Sentimita arobaini na tatu," alitangaza. "Mpira ni sentimita nne na kidogo. Nafasi ni mara kumi ya mpira. Hesabu haina ubishi."

"Hesabu haina," alisema mkewe. "Mkono wako ndio unao."

Alipiga. Mpira uligonga kigogo cha kushoto, ukapita karibu na sikio lake, ukatua nyuma yake. Baba Mapacha aliuendea upenyo na kuupima tena, kana kwamba mti ulikuwa umesogea. Zilikuwa arobaini na tatu zile zile. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Safari hii kigogo cha kulia ndicho kilichojibu, na mpira ukarudi mbali kuliko ulikotoka.

"Kaka," aliita mdogo wake kwa upole wa kinafiki, "kama umesahau kitu nyumbani, sema tukufuatie."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi!"

"Hilo ni koleo la pili," alisema Mama Mapacha. "Uhunzi wenyewe sijauona bado."

Shimo lile lilimgharimu mapigo kumi na moja. Alitembea kuelekea la tano akijua kwamba jina lake lilikuwa limekwisha kufutika nusu.

Neema ilimjia katika shimo la saba. Mpira wa daktari wa meno uliangukia kwenye mchanga, ukazama hadi kiunoni. Alikunja goti, akauinamia kama anayemchungulia mgonjwa kinywani, akachimba kwa fimbo. Mchanga ulitoka, mpira ulibaki.

"Umeshika," alisema. "Una mizizi mirefu."

Alichimba mara ya pili, ya tatu, ya nne, kila mara kwa hasira zaidi.

"Shemeji," aliuliza Mama Mapacha, "huyo mgonjwa ulimpa ganzi kweli?"

Hivyo walifika shimo la mwisho kaka na mdogo wakiwa na dhambi zinazolingana, ingawa kwa jumla ya mapigo kaka alikuwa nyuma. Mbele yao palikuwa na bwawa, na ng'ambo yake kibendera cha shimo. Pigo la kwanza la Baba Mapacha lilikwenda kombo, likaishia nyuma ya kichaka. Kichaka kilikuwa na upenyo. Upenyo ulikuwa mpana, tena ulielekea kibenderani. Mkono wake uliingia mfukoni peke yake.

"Pima, kaka, pima!" alishangilia mdogo wake.

Mkono ulitoka mtupu. Alipiga kwa upande, hatua kumi tu, hadi penye nyasi fupi: pigo ambalo halikumsogeza karibu na kibendera hata kwa unywele. Mkewe hakusema neno. Uzoefu ulikuwa umemfunza Baba Mapacha kwamba kimya kile kinaweza kuwa sifa, na kinaweza kuwa hukumu, na kwamba kuuliza ni kuchagua hukumu.

Kisha ikaja zamu ya Mama Mapacha kuvuka bwawa. Chubwi! Wanaume wawili walitazama viatu vyao. Aliweka mpira mwingine ukingoni, akapiga. Chubwi! Uso wake ukakazika vile vile unavyokazika anapomwambia daktari bingwa kwamba pamba moja ya upasuaji haijulikani ilipo. Akatoa mpira wa tatu.

"Piga tena, shemeji!" alisema daktari wa meno. "Mkono umeshaupata umbali. Huu unavuka, wallahi!"

Baba Mapacha alipiga hatua moja kuelekea ukingoni. Kumkosoa mchaguaji siku ya kuchagua si akili. Hata hivyo alifungua kinywa.

"Mama Mapacha. Pita kando."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Lakini ingekuwa Jumamosi, pigo linalofuata lingekuwa langu. Na mimi sijui kuogelea."

Alimtazama mumewe. Akalitazama bwawa. Kisha akageuza mabega, akapiga kando, kwenye nchi kavu, akamaliza shimo kwa mapigo tisa.

Walipofika klabuni, penye ubao wa orodha, daktari wa meno alikuwa amekwisha kujumlisha. "Nimemshinda kaka kwa mapigo manne," alisema, akimkabidhi shemeji yake kalamu kwa heshima zote.

Mama Mapacha aliandika jina lake mwenyewe, na chini yake akaandika la mumewe.

"Shemeji! Kwa kosa gani? Mimi nilikuwa nakutia moyo!"

"Ulinitia moyo wa kuzama, shemeji. Moyo huo ninao wangu, unatosha." Alimgeukia mumewe. "Jumamosi nani aanze?"

"Anza wewe."

"Na nikiharibu?"

"Nitaupiga kutoka huko huko ulikoupeleka."

Mama Mapacha aliyasoma tena majina yale mawili, hakufuta hata moja. Kisha akafunika kalamu.