Ng'ombe Aliyetoka Kwenye Plastiki

Theodora alikuwa akibandua plastiki angavu zilizochorwa katuni, zilizogandana kwa joto la stoo. Alipitisha uzi kati ya moja na nyingine, taratibu, zisichanike. Studio ya katuni pale Moshi ilikuwa ya serikali; mwaka tisini na nne iliuzwa, na aliyeinunua, Mzee Wenseslaus, meneja wake wa siku zote, alitaka maonyesho ya historia ya studio.

Kila plastiki ilikuwa na ng'ombe yuleyule, Mapambo, aliyependwa vijiji vyote enzi za gari la sinema. Aliyembuni, akamchora kwa mbele na kumpaka rangi kwa nyuma, ni Kornelia, mama yake Theodora. Kwenye filamu liliandikwa jina la Wenseslaus.

Alasiri Mapambo alishuka mezani, akatoka. Mlinzi alimfungulia geti. Plastiki zikabaki na majani na mawingu matupu, na Theodora akaendelea kubandua mawingu.

Aliporudi nyumbani Kilema, alimkuta Mapambo bandani anatafuna mgomba uliokatwakatwa. Mama yake alikuwa anamkamua.

“Amefuata mkono uliomchora,” Kornelia alisema.

Jirani yao Zita alichungulia juu ya ua. “Mama Theodora, ng'ombe gani huyu? Ukisimama mbele yake haonekani, mwembamba kama karatasi, lakini majani anayamaliza!”

“Na wewe chora wako.”

Maziwa yalikuwa mazito, yananukia rangi kidogo. Waliyanywa na chai.

Asubuhi Theodora alimpa Mzee ujumbe. “Shikamoo. Ng'ombe yuko kwetu. Mama anasema atamrudisha siku jina lake mwenyewe litakapoandikwa kwenye ukuta wa maonyesho.”

“Marahaba,” alijibu Mzee, akaendelea kuchonga penseli.

Jumapili, baada ya misa, Mzee alipanda Kilema na jani la isale alilolifunga fundo. Kornelia alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili kabla hajauliza lolote. Alidhani ameletewa jina lake. Kule mlimani, isale likishapokewa, ugomvi umekwisha. Anayeufufua ndiye anayeonekana mbaya.

“Asante, dada yangu,” Mzee alisema. “Yale ya zamani yamezikwa. Sasa nimemfuata ng'ombe.”

“Na jina langu?”

“Kornelia, isale si hilo mkononi mwako?”

Kornelia aliliangalia. Kisha akaenda bandani, akafungua kamba.

“Mama,” Theodora alisema.

“Nimeshapokea, mwanangu.”

Mapambo aliteremka nyuma ya gari la Mzee, akarudi kwenye plastiki zake bila kulazimishwa.

Siku ya maonyesho walikuja watu wengi, na watoto wa shule kwa mistari. Mapambo alitundikwa ukuta wa katikati, na chini yake kibao: Mbunifu na Mchoraji, Wenseslaus. Wote walimsifu Mzee kwa mkono wake. Lakini ng'ombe alikuwa amezoea kukamuliwa, na pale hapakuwa na wa kumkamua. Kufikia mchana kiwele kilijaa, maziwa yakaanza kudondoka, yakatiririka ukutani juu ya kibao mpaka sakafuni. Wageni walisogeza viatu vyao, wakaendelea kutazama.

Theodora aliitwa alete tambara. Alifuta sakafu, akafuta ukuta, akafuta na kibao. Herufi zilikuwa zimepakwa rangi nzuri ya mafuta. Hazikufutika hata moja.